Wa Kwanza Kati ya Mmoja

Katika ofisi ya walimu ya sekondari moja hapo Segese, kila chai ya saa nne ilisindikizwa na hadithi za Norwei. Mwalimu Mayala alifundisha Kiswahili huko miaka miwili, kwenye kampasi ya shule ya kimataifa, na tangu arudi, miaka kumi na mitatu sasa, hajaimaliza ile safari. Theluji ilianza kwa kufika magotini; siku hizi inafika kiunoni. Darasa lake lilianza na wanafunzi kumi na wawili, na kufikia muhula huu lilikuwa na arobaini, watoto wa mabalozi watupu.

Ukweli aliujua, na alipokuwa peke yake ulimchekesha. Siku ya kwanza walikuja watoto watano. Akawasimamisha wamwamkie kwa pamoja, akawakagua kucha, akamtoa nje mmoja aliyekuwa anatafuna peremende. Wiki ya pili wanne wakahamia Kifaransa. Akabaki Marit, msichana wa miaka kumi na miwili.

Mtu mwenye akili zake angevuta kiti wakaongea. Lakini Mayala alisomea ualimu, na darasa kwake lilikuwa darasa. Kila asubuhi aliita mahudhurio, jina moja. Alimteua Marit kiranja, kisha mtunza muda, kisha msimamizi wa usafi, maana vyeo havikai wazi. "Nani atanijibu?" aliuliza, akitembeza macho kwenye viti vyote ishirini, na Marit akanyoosha mkono, akasubiri kuchaguliwa. Mwisho wa muhula akamwandikia ripoti: wa kwanza kati ya mmoja. Kwenye maoni akaweka yale aliyoyazoea Didia, alikoanzia kazi: Amejitahidi. Aongeze bidii, apunguze maongezi darasani. Wazazi wakapiga simu shuleni kuuliza mtoto alikuwa anaongea na nani.

Mkataba ulipokwisha, uongozi ukamwambia kuwa somo lenye watoto chini ya sita linafungwa. Mayala alifungasha siku shule nzima iko kwenye michezo, akaondoka bila kuaga. Aliona aibu kumwambia kiranja wake kwamba mwalimu amekosa kazi.

Sasa Jumanne moja, gari la mgodi likasimama uwanjani. Akashuka dada wa Kizungu, kofia ngumu mkononi, akamuulizia Mwalimu Mayala. Alikuwa Marit, sasa mwanajiolojia; ameanza kazi mgodini mwezi huo, na huko akasikia jina la mwalimu wake. Akaingia ofisini na kupiga goti mbele ya walimu tisa, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mwalimu."

Mayala akaitikia marahaba. Alifurahi, tena sana, lakini akajua leo ndiyo leo, ataumbuka.

Mwalimu Stanslaus, mkuu wa shule, hakuchelewa. "Karibu sana, dada. Mwenzetu ametusimulia mpaka njia ya huko tunaijua. Eti mlikuwa arobaini?"

Marit akamtazama mwalimu wake. Akaona jasho.

"Tulikuwa wengi," akasema, kwa lafudhi ya Didia kabisa. "Mpaka viti havikutosha."

Walimu wakashangilia. Philomena wa Hisabati, ambaye hamwamini Mayala hata akitaja tarehe, akamuongezea sukari kwenye chai. Mayala akapumua. Ameokoka, na kuanzia kesho theluji ingeweza kufika hata shingoni.

Kelele zilipohamia kwingine, Marit akamsogelea, akasema chini chini. "Mwalimu, naomba kuuliza. Nilikosea nini?"

"Wapi?"

"Ulipoondoka. Uliandika niongeze bidii. Nikaongeza, ila nilichelewa. Nilijua kwamba ningefanya vizuri zaidi, wangekuacha ubaki. Nimekuwa nikiwaza hivyo tangu utotoni."

Maneno yale Mayala alikuwa ameyaandika kwenye ripoti za mamia ya watoto bila kumfikiria hata mmoja wao. Angeweza kumnong'oneza jibu, mambo yakaishia hapo. Lakini huyu alikuwa amemdanganyia watu hadharani ili kumsitiri, na kumjibu pembeni kungekuwa uoga juu ya uoga.

Akasimama, akagonga meza.

"Walimu, nisikilizeni. Hapakuwa na arobaini. Alikuwepo huyu peke yake. Wengine niliwafukuza mwenyewe kwa ukali wangu wa kijinga. Somo likafungwa kwa kukosa watoto, nami nikatoroka kwa aibu, nikamwacha mtoto wa watu akidhani kosa ni lake."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi, maana alishajiandaa kuchekwa.

Marit alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, mwanangu. Tangu mwanzo ni mimi."

Akalia pale pale, mtu mzima na buti zake za mgodini, na Mayala, ambaye miaka yote hiyo hakukosa neno la kusema kuhusu kampasi, akabaki kumshikia kikombe kisimwagike.