Msindikizaji wa Mzee Fakihi

Haki ya Mungu, haya ninayoandika ni kweli tupu. Hata ile ya chatu aliyenivutia greda matopeni, enzi nikiwa dereva wa serikali, ni kweli, ila hiyo si ya leo.

Mwaka ule wa Operesheni, serikali ilipotukusanya vijijini, wenzangu wote walihamia kijiji kipya. Mimi nilibaki kwenye mikorosho, kwa sababu Kazija, mke wangu, amezikwa pale. Ilifika mahali namwamkia jogoo shikamoo, na marahaba naiitikia mwenyewe.

Kisha nikaanza kutoka damu chooni. Daktari wa misheni akanipasua, akaniambia bila kuzunguka: saratani ya utumbo mpana, imekwisha kufika kwenye ini, na kisu hakiwezi kuimaliza. Zipo dawa mbili za kutiwa mshipani, zote pamoja, maana moja peke yake inazidiwa upesi. Hazitaiondoa, lakini zinaweza kuizuia nikapata muda.

"Zinaangusha mtu hizo," akasema Sista Yustina, muuguzi. "Kutapika, kuharisha, homa. Asiye na wa kumwangalia nyumbani hatumpi, Mzee Fakihi."

"Mbona binti yangu Biasha ananikorogea uji mpaka namkimbia!"

Mungu hakunijalia mtoto. Baada ya dawa ya kwanza nililala sakafuni, mdomo umejaa vidonda, naita maji, na wa kuitika hakuna. Nikarudi hospitali kwa dawa ya pili nimekonda kama ufito.

"Biasha yuko wapi?" Sista akauliza.

"Yuko nje, anafunga ng'ombe."

"Ng'ombe!" Sauti ilitoka kwenye benchi la wanaosubiri kufungwa vidonda. Alikuwa Laurenti, jembe limemkata mguu. Ukoo wake na wangu ni watani tangu kwa mababu. Mtani akikunasa na uongo anakutoza anachotaka, na kununa huruhusiwi. "Sista, huyu hata mbuzi hana! Biasha gani? Anaishi na kuku, nao wamechoka kumsikiliza!"

Sista akaiteremsha chupa ya dawa kabla haijaanza kudondosha.

"Mwongo mkubwa we," akasema Laurenti, safari hii polepole. "Ungekufa kule, nani angejua?"

"Nitoze basi."

"Nautaka mlango wako. Tuone utalalaje nyumba iliyo wazi. Chumba cha uani kwangu hakina mtu."

"Na utamtunza?" Sista akamkazia macho.

"Mke wangu Maria atampikia. Mimi nitamtukana."

Sista akaitundika chupa.

Ilipokwisha, na mguu wa Laurenti umefungwa, tukaenda kwangu. Akaung'oa mlango na bawaba zake. Nilisimama kidogo kwenye kaburi la Kazija, naye Laurenti akaulaza mlango chini mpaka nilipomaliza.

Nikashika upande mmoja, yeye wa pili, mimi natapika, yeye anachechemea, anawatukana watu wa ukoo wetu mmoja mmoja mpaka kijiji kipya.