Feri ya Jumapili

Ukitaka kumjua Fridah Kathure, mpe ratiba. Kuna watu hutulizwa na chai, wengine na maombi. Yeye alitulizwa na karatasi yenye saa ya kuondoka upande wa kushoto na saa ya kufika upande wa kulia. Miaka mitatu alikuwa mlinzi katika jengo moja kule Jumeirah Lakes Towers, akiwafungulia milango watu waliokuwa wakiburuta masanduku kwenda safari. Miaka mitatu iliyofuata akawa ndiye anayewapangia hizo safari, katika ofisi ndogo ya Al Muraqqabat, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la simu. Alikuwa amepeleka watu Tbilisi, Manila, Entebbe na Makka. Hakuna aliyewahi kulala uwanja wa ndege kwa kosa lake, na hilo hakuchoka kulisema.

Basi Agosti ya mwaka 2016 akapewa safari ya Bi Amne.

Bi Amne alikuwa mama wa Bwana Humoud, mwenye duka la viungo Al Ras, katika zile familia za Kiunguja zilizokaa Dubai hadi zikapata pasi za Imarati. Umri wake miaka sabini na mitatu, magoti mabovu, ulimi mzima kabisa. Alitaka kupelekwa kisiwa kiitwacho Hallasay, magharibi ya Scotland, mahali ambapo Fridah alilazimika kuikuza ramani mara sita ndipo pakaonekana. Huko aliishi mwanamke mmoja, Effie, aliyekuwa nesi Unguja zamani. Ndiye aliyemzalisha Bi Amne mtoto wake wa kwanza, Humoud huyuhuyu. Na siku za mapinduzi, watu walipokuwa wakisakwa nyumba kwa nyumba, ndiye aliyemficha mama na mtoto siku nne katika wodi ya maradhi ya kuambukiza, akabandika karatasi mlangoni kwamba mna ndui. Alfajiri ya siku ya tano ikapatikana meli. Bi Amne akasukumizwa garini na kanga moja na mtoto mmoja, na hakupata hata nafasi ya kumwambia Effie kwaheri. Tangu hapo ni barua tu, miaka hamsini na miwili.

Barua ya mwisho ilisema Effie, naye sasa ana themanini na miwili, anahamia Australia kwa mpwa wake. Jumatatu tarehe ishirini na mbili, kwa feri ya saa tatu asubuhi, angeondoka kisiwani asirudi tena.

"Nataka nimwone kabla hajenda," Bi Amne alimwambia Fridah siku ya kwanza, akiwa ameketi ofisini na mkoba mapajani. "Hiyo Australia mimi siifiki. Nikimkosa hapa, nimemkosa."

Fridah akamwahidi atamwona. Si inshallah ya kuvungia, ile watu wa Dubai wanayokupa wakitaka uondoke dukani. Aliahidi kweli.

Akapanga. Bwana Humoud hakuwa tayari kusafiri kabla ya sala ya Ijumaa, kwa hiyo Ijumaa alasiri wangeruka hadi Glasgow, wafike jioni. Jumamosi kutwa wangepumzika hotelini kwa ajili ya yale magoti. Jumapili asubuhi wangepanda ndege ndogo hadi kisiwa kikubwa cha jirani, teksi ingewapeleka gatini, na feri ndogo ya saa tisa ingewavusha hadi Hallasay. Bi Amne angepata jioni nzima na shoga yake, na Jumatatu wangeagana kama watu. Nyumba ya wageni huko ilikuwa moja tu, ya mama mmoja aitwaye Margaret, na barua pepe mbili alizoandikiwa hakuwa amezijibu. Fridah hakujali. Watu wa visiwani, alijiambia, hawana haraka. Alichapa ratiba kwa rangi na kuiweka kwenye bahasha ya plastiki.

Alhamisi, siku moja kabla ya safari, akampigia Margaret kuuliza kama nyumba ina ngazi nyingi. Ngazi zilikuwa tatu tu. Margaret alikuwa mtu wa sauti ya pole, akaomba radhi kwa kutojibu, kisha akauliza wageni watafika lini. Fridah akasema Jumapili, kwa feri ya saa tisa.

"Binti," Margaret akasema taratibu, "huko mliko hamna Jumapili?"

Akamweleza. Jumapili feri ya Hallasay haitoki. Haijawahi kutoka. Duka halifunguliwi, teksi hazitembei, na yeye Margaret hapokei mgeni siku ya Bwana, hata akija mfalme. Ratiba yenyewe ilisema hivyo, kwenye safu ya mwisho, kwa herufi ambazo kipofu angezipapasa.

Fridah aliifungua ile ratiba kwenye kompyuta, na kweli, safu ya Jumapili haikuwa na saa hata moja, ila maneno hayo tu. Alikuwa ameipitia mara kumi bila kuiona, kwa sababu macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye Ijumaa, kama yanavyofanya macho ya kila mtu aliyekaa Dubai. Ukiona Ijumaa ina safari, basi siku zote zina safari. Jumapili ni siku ya kwanza ya kazi, siku ya simu nyingi na bosi mwenye kununa.

Na aibu haikuishia hapo, maana Fridah alikuwa mtoto wa Chogoria, amelelewa katika kanisa ambalo Waskoti wenyewe ndio waliolileta. Bibi yake alimenya viazi Jumamosi, akateka maji Jumamosi, akapasua kuni Jumamosi, na Jumapili ukichukua hata sindano ya kushonea kifungo utajuta. Sasa miaka sita Fridah amekuwa akienda kanisani Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko na ndiyo siku kanisa hujaa. Jumapili ilikuwa imemtoka polepole bila yeye kuaga, ikabaki jina tu kwenye kalenda. Msichana aliyefundishwa siku hiyo na wajukuu wa Scotland akaenda kuwapangia watu Scotland na kuisahau.

Nasifu, Mganda aliyeketi meza ya pili na kushughulika na tiketi, akaona uso wake, akavuta kiti. Wakaanza kupangua. Ndege ya Glasgow haikuguswa: kibali cha Bi Amne na mwanawe cha kuingia Uingereza kilifungamana na namba ya ndege ileile, na kibali kipya kilitaka siku mbili. Basi lazima Jumamosi ndiyo iwe siku ya kusafiri. Ile ndege ndogo ya Jumamosi ilikuwa imebaki na kiti kimoja. Feri kubwa inayokwenda kisiwa kikubwa ilijaa magari hadi mwisho wa mwezi. Fridah alikuwa karibu kukata tamaa Nasifu alipouliza kwani Bi Amne ni gari? Na kweli, abiria wa miguu nafasi ilikuwepo, tena tele.

Ndivyo ikawa. Dereva wa kukodi awachukue Glasgow Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mwendo wa saa sita na ushee barabarani hadi bandarini. Feri kubwa saa nane mchana, kufika saa kumi kasorobo. Teksi mwendo wa saa moja, ya binamu yake Margaret. Na feri ndogo ya mwisho, saa kumi na moja na nusu. Margaret alisema chumba kipo, na kwamba mgeni akishaingia Jumamosi, Jumapili anakaa tu kama wengine, hapo hakuna dhambi. Chakula angepika siku moja kabla, samaki na viazi.

"Sasa sister, usijiumize," Nasifu akasema. "Waambie ratiba imebadilika huko kwao. Khalas, yameisha. Nani atajua?"

Fridah aliifikiria kwa muda wa kufunga zipu ya mkoba. Kisha akashuka, akapanda metro hadi Al Ras.

Bi Amne alikuwa nyuma ya duka, kwenye kiti chake kati ya magunia ya binzari na iliki, na Bwana Humoud alikuwa akibishana na hamali mlangoni. Fridah akaamkia, akaitikiwa marahaba, kisha akasema yote pale pale kabla moyo haujamgeuka: kwamba alikosea, kwamba hakuna aliyebadilisha chochote, kwamba angewafikisha gatini Jumapili wakatazame bahari mpaka Jumatatu. Akaeleza safari mpya, na zile saa sita za gari. Bwana Humoud akaacha hamali wake, akaja, na kwa sauti ambayo wateja waligeuka kuisikiliza akataka kujua ofisi gani hii inayomfanyia mama yake mchezo. Mama mwenye magoti yale, saa sita? Alikuwa na haki.

"Humoud, nyamaza," Bi Amne akasema. Akamgeukia Fridah. "Nitafika au sifiki?"

"Utafika, Bibi. Feri kubwa isipochelewa, utafika."

"Basi umenifaa kwa kunambia leo. Ungenambia Jumapili ningekulani, na mie laana yangu mbaya." Akacheka peke yake. "Magoti yataumwa. Hata nikikaa hapa yanaumwa."

Fridah alitoka sokoni akiwa na pakiti ya iliki aliyopewa kwa nguvu, na kifua kimefunguka kidogo. Kidogo tu, maana alijua hesabu ya saa zile: kati ya kushuka feri kubwa na kupanda ndogo hakukuwa na nafasi ya kukohoa.

Ijumaa waliondoka salama, na kanisani siku hiyo aliomba upepo wa Scotland utulie, ombi ambalo mchungaji angelishangaa. Jumamosi hakutoka nyumbani. Alikaa kwenye chumba alichochangia na Everlyn, muuzaji wa duka la nguo kutoka Kitale, na simu ikawa mkononi hata alipokuwa akisonga ugali. Mchana ujumbe wa Bwana Humoud ukaingia: wamefika bandarini, mama amelala njia nzima. Fridah akala. Halafu ukaja mwingine: upepo mkali, feri imechelewa dakika hamsini. Akaacha kula.

Akapiga hesabu, akarudia, ikatoka vilevile. Teksi ingefika gatini dakika tano baada ya feri ndogo kuondoka. Dakika tano, na baada yake Jumapili kutwa, nyumba ya Effie inaonekana ng'ambo ya maji na hakuna wa kuwavusha. Alimpigia Margaret, simu ikaita bila kupokelewa. Alimpigia dereva wa teksi, hakuna mtandao. Hapakuwa tena na la kupanga. Kwa mtu wa ratiba hiyo ndiyo adhabu kubwa kuliko zote, na Fridah aliionja yote, akizunguka kati ya kitanda na dirisha hadi Everlyn akamwambia ataitoboa sakafu.

Saa tatu kasoro, kwa saa za Dubai, simu ikalia.

"Tumo ndani," Bwana Humoud akasema, na nyuma yake injini ilikuwa ikinguruma. Sauti yake haikuwa ile ya dukani. Feri iliwangoja robo saa. Effie alikuwa amevuka nayo kuja kuwapokea upande wa pili, akakaa kwenye kiti cha abiria na fimbo yake, na nahodha alipotaka kuondoka akamwambia aondoke tu kama ataweza kumbeba yeye na kumweka nchi kavu kwanza. Nahodha alikuwa amedungwa sindano na mama huyo tangu utotoni, hakuthubutu. "Nimeshuka garini," Bwana Humoud akaendelea, "akanitazama kuanzia juu hadi chini, kitambi na yote, akaniuliza kwa Kiswahili: huyu ndiye yule mtoto wa ratili tano?" Hapo akamkabidhi mama yake simu.

Kwa muda Fridah alisikia upepo na wazee wawili wakisemezana kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenzake amalize. Kisha Bi Amne akaweka simu sikioni.

"Mwanangu, wananambia kesho hapa haitoki feri, wala gari, wala nini."

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe, mtakaa ndani siku nzima bila—"

"Unisikilize. Siku ile meli ilikuwa yangoja, tukakatwa maneno katikati. Kesho hakuna chombo kinachoningoja. Hakuna wa kuja kunambia haya, twende." Akavuta pumzi. "Kutwa nzima, Fridah. Sikuwahi kuipata na yeye."

Simu ikakatika, mtandao wa visiwani. Fridah akakaa kitandani, na machozi yakaja bila kuombwa. Everlyn akakimbia kutoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza nani amefariki.

"Hakuna," Fridah akamjibu, akicheka na kulia. "Watu wamefika."