Nyumba ya Moshi ya Dative

Haya alinisimulia Spès, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, wa Kajaga, mwaka 2003, tukichambua maharage ya matanga. Na Spès hasemi kitu ambacho mkono wake haujakigusa.

Nyumba ya mbao ya Dative, kule Kanyosha, ilichomwa Jumanne moja ya 1996, saa tisa mchana, na watu wanaojulikana kwa majina. Moto ulikula kuta, ukala paa, ukala kitanda cha marehemu mumewe. Moshi ulipanda kiasi cha paa, ukasimama. Kufikia jioni ulikuwa na madirisha mawili, na mlango unaokwama chini kama ule wa zamani. Dative alifagia jivu, akalitia kapuni, akaingia ndani, akainjika maharage. Majirani walilalamikia nguo zao tu, kwamba zinanuka moshi.

Mjukuu wake Christa alikuwa na daftari la kemia.

"Bibi, mwalimu anasema barafu ikiyeyuka inaweza kurudi barafu. Ila ukuni ukiungua, haurudi."

"Nani kasema irudi?" Dative alikuwa akifuta dirisha. "Mi sikuomba irudi. Imebaki."

"Anasema tena hakuna kinachopotea. Mbao na hewa iliyoziunguza, zote zimo katika jivu na moshi."

"Huyo mwalimu alilelewa vizuri."

Mwezi uliofuata likatoka tangazo: kiwanja kisicho na nyumba kitapewa mtu mwingine. Akaja Hugues, mtu wa ofisini, na karatasi zake.

"Mama, mi naona kiwanja kitupu hapa."

"Piga hodi kwanza, mwanangu."

Akapiga, moshi ukalia kama mbao. Akainama, maana mlango ulikuwa mfupi, akaketishwa kwenye kigoda cha moshi, akapewa urwarwa, pombe ya ndizi, na mrija wake. Akanywa. Kiu haina cheo. Hapo ndipo alipokosea, kwani kwetu aliyenywa kwa mtu hawezi tena kusema mtu huyo hana kwake.

Akageuza karatasi. "Kuna matofali, kuna mbao, kuna majani. Hii nitaiweka wapi?"

"Andika gesi," akasema Christa.

Akaandika: Nyumba ipo. Hali: gesi. Dative akamwomba asome kwa sauti, mara mbili, dirisha wazi, mtaa usikie. Akasoma. Kisha akapiga muhuri, kiwanja kikaenda kwa Fabrice, mwenye sementi, mmoja wa wale wa Jumanne. Nyumba ya gesi, Hugues alieleza, haishiki ardhi.

Fabrice akajenga. Kadiri kuta zake zilivyopanda, nyumba ya moshi nayo ilipanda, ilivyo desturi ya moshi, hata ikatua juu ya mabati. Ikawa ghorofa ya kwanza mtaani. Fabrice mwenyewe akatengeneza ngazi ya nje, maana wageni wa Dative walikuwa wakipita sebuleni kwake kuulizia njia.

Jioni aliyolala Spès huko, kesi ya kiwanja, aliyoifungua Dative, ilikuwa na mwaka wa saba mahakamani. Dative alipanda ngazi polepole, kapu la jivu mkononi, shingo imenyooka. Fabrice alikuwa kibarazani.

"Habari za huko chini, shefu?"

"Nzuri, Mama."

Christa alisinzia wa kwanza, kisha Spès, mkono juu ya ukuta wa moshi, ulio na vuguvugu. Dative akasukuma mlango. Ukakwama chini. Akauinua kwa kidole cha mguu, kama zamani, ukafunga. Akajilaza kwenye kitanda cha marehemu, upande wake uleule, akalala.