Kopo la Dawa za Susu

Chaka-chaka-chaka.

Gizani, kabla hata jogoo wa jirani yao Osewe hajakohoa, kopo lilitikiswa mara tatu. Nabwire alifungua macho. Kwa miaka miwili sauti hiyo ndiyo iliyokuwa saa yake: Susu akilitikisa kopo la dawa za presha ili ajue kama bado zimo. Macho yake yalikuwa yamechoka kuhesabu, basi alihesabu kwa masikio.

"Zimo, Susu," Nabwire alisema kutoka upande wake wa pazia.

"Zimo, lakini zinaongea kama watu wachache."

"Wiki ijayo tunaenda kliniki. Lala kidogo."

"Nilale vipi na leo ndiyo siku?"

Nabwire alicheka peke yake gizani. Kweli, leo ndiyo ilikuwa siku.

Syokau, ambaye mtaa mzima wa Kianda ulimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, hakuwa nyanya wa Nabwire. Nabwire ni Mluhya wa Busia. Walikutana kwa sababu milango yao ilitazamana. Nabwire alipomzaa binti yake Joan, alikuwa amejiandikisha masomo ya jioni ili amalize shule aliyoikatiza, na kila jioni Susu alikaa mlangoni akisuka kiondo huku mguu mmoja ukimbembeleza mtoto. Cheti kilipotoka, Susu alikishika juu chini, akasema, "Hiki tumefaulu wawili." Kisha magoti yakamwishia, viondo vikamshinda, kodi ikalimbikizana, na mwenye ploti akafunga chumba chake kwa kufuli. Jioni hiyohiyo Nabwire alihamisha kitanda cha Susu, akatundika pazia katikati ya chumba. Mumewe Boaz alipopiga simu kutoka kazi ya mjengo huko Kitengela kuuliza watakaa vipi, alimjibu, "Tutajipanga."

Na alijipanga kweli. Kwenye daftari lake la masomo ya jioni, baada ya kurasa za hesabu, aliandika kila mahali panaposaidia wazee: zahanati inayopima presha bila kusukumana, siku ya daktari wa magoti, dirisha la kupata kitambulisho kilichopotea, ofisi ambayo barua ya chifu hupigwa muhuri asubuhi tu. Osewe, fundi viatu wa mlango wa pili, alimwona akipita na bahasha akamwita kwa sauti.

"Mama Joan! Umefungua ofisi ya serikali hapa na hujatuambia?"

"Lete shosho yako nimwandike."

"Nyanya yangu yuko Siaya, na akikuja hapa atakuandika wewe makofi!"

Katika ukurasa wa mwisho wa daftari ndipo palipokuwa na neno lililopigiwa mistari miwili: Kawangware. Mradi mmoja wa kanisa ulikuwa umejenga nyumba za ghorofa huko, na vyumba vya chini vikatengewa wazee waliopita miaka sabini. Choo ndani, vishikio ukutani, kliniki mlango wa pili. Mzee huingia na yule anayemtunza, pamoja na watu wa nyumba ya huyo mtunzaji. Pale Kianda choo kilikuwa chini ya mteremko, na mvua ikinyesha Nabwire humbeba Susu mgongoni kama gunia la mkaa, wote wawili wakicheka ili wasilie.

Alijaza fomu yote isipokuwa mstari mmoja. *Jina la anayemtunza mzee*: mstari huo hujazwa na afisa, mzee akitamka kwa kinywa chake mwenyewe, na siku ya kutamka ndiyo leo.

Basi asubuhi hiyo Joan, nesi wa nyumba, alifanya kazi yake. Alikuwa na miaka mitano. Alijaza kikombe maji, akafungua kopo, akaweka tembe moja kwenye kiganja cha Susu.

"Meza." Akangoja. "Sasa fungua mdomo nione."

"Huyu mtoto atakuwa askari," Susu alilalamika, akafungua mdomo.

*

Afisa wa mradi aliitwa Madam Lavender. Alikuwa mwanamke mpole mwenye kalamu mbili, moja mkononi na moja nyweleni. Alimpa Susu kiti chenye mto, akauliza umri, magonjwa, kijiji alichozaliwa. Susu alijibu vizuri. Nabwire, kando yake, alikuwa amemshika Joan magotini.

"Sasa, Susu. Nani anakutunza?"

Susu alitazama kalamu.

"Kijana yangu," alisema. "Muia."

Nabwire alidhani amesikia vibaya.

"Anaishi wapi?"

"Hapahapa Kawangware. Ni seremala."

"Uko na namba yake?"

Na Susu, aliyekuwa akiuliza mara tatu kwa siku kama ameshakula, alitaja namba kumi za simu bila kukwama hata mara moja.

Madam Lavender alipiga papo hapo, akaweka spika. Sauti ya mwanamume ilisikika, na nyuma yake msumeno. Madam akamweleza habari za chumba cha wazee, akauliza nani anamtunza Susu.

"Ndiyo, huyo ni mamangu," sauti ilisema. "Mimi ndiye namtunza."

"Anaishi kwako?"

"Kwangu. Eeh. Yuko sawa kabisa."

Mama na mwana walikuwa hawajaongea kwa miaka sita. Hawakuwa wamepanga neno. Lakini uongo wao ulifungana kama milango miwili ya kabati moja.

"Na huyu dada aliyekuleta?" Madam Lavender aliuliza, akimtabasamia Nabwire.

"Huyu," Susu alisema akitazama chini, "ni jirani mwema."

Jirani. Nabwire alitaka kusema sivyo. Lakini alilelewa akijua kwamba mkubwa hakanushwi mbele ya watu. Alitazama kalamu ikiandika M, kisha u, kisha i. Alisikia kwa mbali kwamba Alhamisi Madam angetembelea nyumba ya Muia, aone jinsi mzee anavyoishi.

Jioni Nabwire alipika, akapakua, akaweka sahani mbele ya Susu bila kusema "karibu". Joan alipolala ndipo lilipomtoka.

"Susu, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Nimekubeba mgongoni. Nimekuosha. Daftari nzima nimeandika jina lako. Muia hata hajui goti gani linakuuma!"

Susu alivuta leso mabegani. "Mwanangu, sikiza. Kwetu, mama akisimama mbele ya watu, kalamu inaandika, aseme mtoto wangu amenitupa, hiyo si habari. Hiyo ni laana. Itamfuata mpaka kwa watoto wake. Nilikuwa nimepanga kusema jina lako. Naapa. Halafu nikaona ile kalamu inangoja, nikaogopa mdomo wangu."

"Na mimi je?"

"Wewe sikukuzaa. Maneno yangu hayawezi kukuua."

"Yameniua leo, Susu."

Nje, Osewe alikuwa akigonga soli ya mwisho ya siku. Kisha Susu alinyoosha mkono, akashika kidole cha Nabwire kimoja tu, kama anayeogopa kunyimwa mkono mzima.

"Niahidi hutasema. Ukisema mbele yangu nami ninyamaze, ni kama nimesema mimi. Usiniumizie mtoto."

Ni ombi gani hilo la kumwomba mtu uliyemvua jina? Nabwire alitaka kukataa. Lakini na yeye alikuwa mama, na mtoto wake alikuwa akikoroma nyuma ya pazia mdomo wazi.

"Nimeahidi," alisema, na mkono wake akauondoa.

*

Alhamisi alfajiri Muia alifika kwa bodaboda, na leso mpya ikiwa bado kwenye nailoni. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakumtazama Nabwire sana.

"Mwaitu," alimwambia mamake kwa Kikamba, yaani mama yangu, "twende."

Susu alikuwa ameshavaa. Aliomba kitana mara mbili. Alimshika Muia shavu, akamgeukia Nabwire na uso uliong'aa kama wa msichana. "Umeona? Amekonda."

"Siste, asante sana," Muia alisema akimpakia mamake. "Jioni namrudisha."

Namrudisha! Nabwire alisimama mlangoni mikono ikining'inia. Osewe alitoa kichwa nje, mswaki mdomoni.

"Aisee! Kumbe siku hizi wazee wanaazimwa kama ngazi?"

Hakuna aliyecheka. Pikipiki ilishuka mteremko ikapotea kwenye vibanda.

Nabwire aliingia ndani, akakaa kwenye kitanda cha Susu. Waende. Wapewe chumba chao chenye vishikio. Muia atapata paa, na Susu atakaa humo ndani akingoja chai ambayo hakuna atakayekumbuka kuipika. Si ndivyo alivyotaka? Si alisema ana mtu wa kumtunza?

Joan alisimama mbele yake na kikombe cha maji kilichojaa pomoni. Juu ya rafu, kopo lilikuwa palepale.

"Mama," mtoto alisema, "nimpe nani?"

Nabwire alilitazama kopo. Nesi wa zahanati alikuwa amemwonya: siku moja tu bila dawa, huyu mama anaweza kuanguka. Alianza kuhesabu hadi mia. Alipofika arobaini alisimama, akalichukua kopo, akajifunga leso, akamshika Joan mkono.

Walitembea kutoka stendi ya Olympic hadi Ngong Road, wakavuka, wakaendelea. Kila hatua kopo lilisema chaka, kama mtu anayemkumbusha jambo. Njiani alipanga: nitamwita Muia nje, nitampa mkononi, nitaondoka. Sitasema lolote. Nimeahidi.

Kule Kawangware aliuliza kwenye stendi ya Kongo, na kila muuza mbao alimjua Muia. Chumba kilikuwa nyuma ya karakana. Mlango ulikuwa wazi, na Muia hakuwa peke yake nje kama Nabwire alivyotumaini. Madam Lavender alishafika, ameketi kwenye stuli na faili magotini. Kitanda kilikuwa kipya, hakijapigwa hata vanishi, na shuka bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Susu aliketi juu yake wima kama mgeni kanisani. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Na dawa?" Madam Lavender alikuwa akiuliza. "Anatumia vizuri?"

"Vizuri sana," Muia alisema.

"Ni zipi?"

"Ni zile..." Muia alipangusa mikono kwenye suruali. "Zile za hospitali."

"Leo amemeza?"

"Nimemeza, Madam," Susu alimwahi Muia kujibu. "Kijana yangu amenipa."

Ndipo kivuli cha Nabwire kilipoingia mlangoni. Wote waligeuka.

"Oh, jirani mwema!" Madam Lavender alitabasamu. "Umekuja kumtembelea?"

Nabwire alimtazama Susu. Macho ya mzee yalikuwa yakimwomba, yale yale ya juzi usiku, na chini ya ombi hilo yalikuwa yamechoka, yakielea kidogo, hayashiki kitu. Kopo lilikuwa nyuma ya mgongo wa Nabwire, chini ya leso. Alikuwa amelibana hadi vidole vikafa ganzi, tembe zisije zikanena. Akisema, amevunja ahadi. Asiposema, huyu atameza nini?

"Nimekuja kumsalimia tu," alisema.

Mkono mdogo ulipenya chini ya leso, ukalishika kopo. Nabwire hakuachilia vidole, wala hakuvikaza.

Chaka-chaka.

Susu aligeuza kichwa upande wa sauti, haraka, kama afanyavyo kila alfajiri. Kalamu ya Madam Lavender ilisimama. Joan alivuka chumba, akampita Muia, akaliweka kopo magotini pa mzee.

"Susu," alisema, "uliacha dawa zako nyumbani."