Kaya Arobaini na Tano za Kondoa

Saa tatu kasorobo asubuhi Yusra Mbaruku aliacha mfuko wake mlangoni mwa maktaba ya chuo, Dodoma, akapewa kibao cha mti chenye namba kumi na saba, akaingia. Ilikuwa Agosti ya mwaka 1995. Nje upepo ulikuwa ukihamisha vumbi kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine, na ndani Bi Generosa, mkutubi, alikuwa akifuta meza ambazo alijua atazifuta tena saa sita.

Yusra alikuwa mwaka wa mwisho. Baba yake, mzee Mbaruku, alikuwa fundi wa kinu cha umma cha kukamulia mafuta kule Kondoa, na kinu hicho kilikuwa kwenye orodha ya mali za kuuzwa. Kamati ilisema hivi: ikionekana mafuta yana soko Kondoa, kitauzwa kikiwa kinu, na mafundi wake ndani. Lisipoonekana soko, litauzwa jengo tupu na mashine zitakuwa chuma chakavu. Chuo kikaombwa kuchunguza, na mwalimu Sila akampa Yusra kazi hiyo iwe utafiti wake wa kumalizia masomo. Alikuwa na wiki tatu, na kibali cha kwenda kuuliza nyumba kwa nyumba hakikutolewa.

"Usihangaike," alisema Bi Generosa. "Kabla hujauliza watu, waulize waliokwisha kuuliza." Akamfungulia droo ya kadi.

Waliosoma enzi zile wanaikumbuka droo hiyo: kadi zilizopigwa taipu, kingo zake nyeusi kwa vidole vya watu waliomaliza chuo zamani, na harufu ya gundi. Ulitafuta masoko ukajikuta unasoma habari za mbegu, ukachelewa chakula cha mchana, wala hukujuta. Siku hizi kila kitu kinapatikana upesi na hakuna anayechelewa chakula.

Ripoti ya 1993 ilisema asilimia kumi na moja tu ya kaya za Kondoa hununua mafuta ya kupikia, kwa hiyo soko ni dogo. Ilikuwa imenukuu ripoti ya 1988. Ya 1988 ilinukuu ya 1982, na ya 1982 ilinukuu ya 1976. Wasomi wetu ndivyo walivyo, mmoja akikohoa wote wana mafua. Ilimchukua Yusra siku nne kufika kwenye kikohozi cha kwanza. Kilikuwa kijitabu cha 1976 katika chumba cha nyuma, kimechapwa kwa stensili, na karatasi ya kugongea mihuri ya waazimaji ilikuwa nyeupe. Akakifungua ukurasa wa thelathini na moja, penye majibu ya kaya arobaini na tano, na wanawake wakaingia.

Waliingia kwa mlango wa kawaida. Walikuwa ishirini na sita kati ya wale waliohojiwa. Wengine walikuwa bado hai na walikuwa na shughuli zao Kondoa. Kila mmoja alikuwa na umri aliokuwa nao siku aliyohojiwa, na gunia la alizeti kichwani.

"Mizigo mlangoni, mama zangu," alisema Bi Generosa, akawagawia vibao. Vilipokwisha, akaandika namba kwa chaki kwenye vipande vya boksi.

Wa tatu kuingia alikuwa Bibi Shamila, mama yake mzee Mbaruku, aliyefariki mwaka 1984. Aliketi mbele ya mjukuu wake, akafunga kanga vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umekonda? Huku chuoni hawali?"

Alinukia mafuta yaliyotoka kukamuliwa. Yusra alikumbuka asubuhi za kinuni, baba akifungua bomba, bibi akimtia tone moja la moto ulimini, kisha nyumbani, mlenda unaong'aa na ugali wa uwele. Aliyakumbuka yote kwa mara moja na akalia, kimya, kama sheria za maktaba zinavyotaka.

Halafu akauliza lililompeleka.

"Alikuja kijana na kalamu," alisema Bibi Shamila. "Akaniuliza, mama, mnanunua mafuta? Nikamwambia hatununui. Si ndiyo kweli? Nani anunue mafuta naye ana shamba? Tunapeleka alizeti kinuni, tunarudi na debe letu, na mashudu tunamwachia mwenye kinu, ndiyo malipo yake. Akaandika, akashukuru, akaenda."

"Hakuuliza mnapikia nini?"

"Angeuliza ningemjibu."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Wanaonunua walikuwa watano, walisema, wake wa watumishi waliohamishiwa Kondoa bila shamba. Watano katika arobaini na tano. Yusra alipiga hesabu pembeni mwa daftari, ikaja asilimia kumi na moja. Namba ilikuwa sahihi kabisa, na miaka kumi na tisa ilikuwa ikisema uongo.

Mwalimu Sila alikuja Alhamisi. Alikuwa mtu mwema. Aliwaamkia wale wanawake mmoja mmoja, akamsikiliza Bibi Shamila mpaka mwisho, kisha akamvuta Yusra kando ya rafu.

"Ninawaamini," alisema. "Lakini nitawanukuu vipi? Kamati inataka source. Source ina mwandishi, mwaka na ukurasa. Hawa ndio ukurasa wenyewe."

"Niandike kwamba nimewahoji."

"Kuhoji huna kibali. Na wengine wamefariki, Yusra. Nikiulizwa nitasema nini?"

Angeweza kukataa. Lakini bila saini ya mwalimu hakuna ripoti, mahafali yalikuwa Novemba, na baba yake alikuwa ameshaazima koti la kuvaa siku hiyo. Yusra aliandika asilimia kumi na moja katika sura ya nne, ikiungwa mkono na vyanzo vinne vinavyokubaliana. Maneno ya wanawake aliyaweka kwenye kiambatisho cha tatu, pamoja na barua za mafundi wa kinu, ya baba yake ikiwa ya kwanza. Kamati haikusoma viambatisho. Haijazaliwa kamati inayosoma viambatisho.

Jengo liliuzwa. Mashine zilipakiwa kwenye lori, na mnunuzi akaweka ghala la mafuta kutoka nje, yaliyokuja kwenye madumu ya njano. Bila kinu, alizeti ikabaki chakula cha ndege, na kufikia mwaka uliofuata Kondoa nzima ilikuwa inanunua mafuta. Mzee Mbaruku alihudhuria mahafali na koti lake la kuazima, akampongeza bintiye, hakuuliza habari za ripoti. Alifariki mwaka 2001.

Mwaka 2004 Yusra, sasa ofisa mjini hapo hapo, alipita maktaba kumuaga Bi Generosa aliyekuwa anastaafu. Karibu na dirisha mwanafunzi mmoja, Violeth, alikuwa amefungua kitabu cheusi chenye jina la Yusra kwa herufi za dhahabu. Kando yake alikaa mzee Mbaruku, katika ovaroli ya kinuni. Spana yake ilikuwa mlangoni, namba nne.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alimwangalia Violeth kwa upole. "Huyu ni wa sita mwaka huu. Wote wanaishia sura ya nne. Mimi niko nyuma kule."

"Nisamehe, baba."

"Kaa kwanza," alisema mzee. Yusra akakaa.

Violeth aliinua kichwa. "Samahani dada, huyu Mbaruku ni wa mwaka gani? Mwaka umefutika hapa."

"Tisini na tano. Lakini soma na kiambatisho cha tatu, tafadhali. Ukweli uko huko."

Violeth alifunua hadi mwisho, akatazama juu ya karatasi, akatazama chini. "Hakina page number," alisema. "Mwalimu hatakubali."

Akarudi sura ya nne, akaandika: Mbaruku, 1995, asilimia kumi na moja. Meza ilikuwa nyembamba. Mzee Mbaruku akasogeza kiti chake kidogo, ili kiwiko cha Violeth kipate nafasi ya kuandika.