Gurudumu la Kuazima

Wanangu wawili hawakuwahi kugombania chakula, wala kitanda, wala rimoti. Waligombania ukubwa wa gurudumu. Ukisikia sauti zinapanda uani kwangu, usidhani ni mali ya marehemu baba yao inagawanywa. Ni inchi moja na nusu tu, tofauti kati ya gurudumu la ishirini na tisa na la ishirini na saba na nusu. Mimi ni fundi cherehani, inchi naijua. Inchi moja na nusu ni pindo la suruali. Sikujua kama pindo la suruali linaweza kumvunja mtu moyo.

Mkubwa tunamwita Twiga, na ukimwona hutauliza kwa nini. Anatengeneza baiskeli kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa nyumba, nje tu ya dirisha ninaposhonea, kwa hiyo kutwa cherehani yangu na nyundo yake vinajibizana. Mdogo wake wa kike ni Pilipili. Mchana ni karani wa ghala la vigae. Saa zote zinazobaki yuko mlimani juu ya baiskeli, anateremka mahali ambapo hata mbuzi angesita.

"We mtoto," Twiga alikuwa akianza, mikono imejaa grisi, "gurudumu kubwa halijui jiwe. Linapita tu. Hilo dogo lako likikuta jiwe linasimama kusalimiana."

"Na hilo kubwa lako likikuta kona linaomba likizo," Pilipili anajibu. "Kaka, mimi nakufika kifuani. Ukinipandisha kwenye tisa, usukani uko kidevuni, na nikiteremka tairi la nyuma linanichapa makalioni. Unataka nishuke mlima mzima nikichapwa?"

"Adabu!" mimi napaza sauti dirishani.

"Si mimi, mama, ni tairi."

Watu walikuwa wanasimama kusikiliza. Tarishi wa mtaa wetu alifikia hatua ya kuleta baiskeli nzima, haina hata mkwaruzo, eti breki zinalia, ili apate kukaa kwenye benchi ashuhudie mpambano. Na mimi niliyezoea kupima watu niliuona ukweli mapema: kila mmoja alikuwa anasema kweli ya mwili wake. Shati moja haliwaenei wawili. Lakini jaribu kuwaambia wabishi wawili kwamba wote wana haki, uone kama hujawaudhi wote.

Mwaka huo zikatangazwa mbio za mchujo. Msichana wa kwanza kati ya walio chini ya miaka ishirini na tatu angechukuliwa kambi ya timu ya taifa, akafundishwe na watu wanaojua, asafiri, akimbie kwingine. Nafasi ilikuwa moja. Pilipili angetimiza ishirini na tatu kabla ya mchujo mwingine, kwa hiyo kwake ilikuwa hiyo au basi. Hakusema mengi. Ila niliona ameacha sukari kwenye chai, ameanza kulala mapema, na hata ubishi wake umepungua makali, nikajua jambo hili ameliweka moyoni.

Kocha wa klabu yao, mwalimu mstaafu wa hesabu asiyependa maneno, alikuja kibandani na sheria za mbio. Unamaliza na baiskeli uliyoanza nayo. Ikiharibika, hakuna gari wala fundi wa kukusaidia njiani. Anayeruhusiwa kukuazima kipuri ni mwenzako wa klabu aliye kwenye mbio zile zile, akikitoa kwenye baiskeli yake mwenyewe. Na kwa kuwa wanaume na wanawake walikuwa wanaanza pamoja, Kocha alimpanga Twiga, ambaye umri wa mchujo ulishampita, amfuate mdogo wake.

"Kazi yako ni moja," Kocha alimwambia. "Gurudumu lake likifa, unampa lako. Mbio zako zinaishia hapo hapo."

"Hilo tu? Nampa."

"Basi lazima lifanane na lake. Klabu nzima mmehamia kwenye tisa, amebaki yeye peke yake na saba na nusu. Fremu yako inakubali gurudumu dogo. Fremu yake haikubali kubwa. Kwa hiyo wewe ndiye wa kushuka."

Neno hilo, kushuka, nililisikia nikiwa dirishani, na nikaona shingo ndefu ya mwanangu ikikakamaa. Lakini Kocha alikuwa ameshaegemeza ukutani jozi ya magurudumu madogo, ameshavaa kofia yake, ameondoka.

Nataka nimtendee haki mwanangu: aliyafunga. Mchana wa kuamkia mbio aliyafunga yote mawili, akatoka nayo uani kuyajaribu. Ilikuwa baiskeli ya mtu mrefu iliyokatwa miguu. Pedeli zilikuwa karibu kukwangua sakafu, naye juu yake magoti yanapanda na kushuka karibu na masikio, kama baba aliyenyang'anya kibaiskeli cha mtoto.

Hapo ndipo Pilipili alipoingia kutoka kazini, viatu vimejaa vumbi la vigae. Akamwona. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Hatimaye!" akasema. "Karibu sana kwetu, kaka! Miaka yote hiyo, kumbe ulikuwa unakuja! Tarishi, wewe shahidi. Leo amesalimu amri!"

Tarishi akacheka, jirani aliyekuwa anaanika nguo akacheka. Mimi sikucheka, lakini msinisifu: nilikuwa na pini mdomoni. Twiga mwenyewe alitabasamu, akazunguka uani mara moja zaidi ili asionekane amekimbia, akarudi kibandani. Kisha nikasikia spana. Mama wengine wanamjua mtoto aliyenuna kwa mlango anavyoufunga. Mimi wangu namjua kwa spana.

Magurudumu madogo akayatundika msumarini.

"Na Kocha je?" nilimwuliza kupitia dirishani.

"Mama, gurudumu halifi ovyo. Ikizidi sana atapata pancha, na tyubu ya akiba anayo. Nikienda na yale, pedeli zitagonga kila jiwe, nitaachwa nyuma. Nitamfaa nini nikiwa nyuma?"

Ilikuwa sababu nzuri. Mtu aliyeudhika hakosi sababu nzuri. Nikatema pini, nikaendelea na kola ya mteja.

Asubuhi Kocha alinichukua mapema, tukapanda hadi kituo cha maji katikati ya mlima, kwa hiyo hakumwona Twiga akianza. Kituo kilikuwa chini kidogo ya mahali wanapopaita Ngazi, mteremko wa mawe yaliyopangana vibaya, ambapo waoga hushuka kwa miguu. Tulisimama na ndoo zetu na vikombe. Walipita wanaume wa mbele, wamepauka kwa vumbi. Halafu pakawa kimya, halafu akatokea msichana wa kwanza, na alikuwa wangu.

Alikuwa peke yake. Nyuma yake hapakuwa na mtu wa kumtisha. Aliziingia Ngazi kiuno kimerudi nyuma, mwepesi, gurudumu la mbele likichagua njia jiwe kwa jiwe, na mimi nisiyejua lolote nikaelewa kwa nini aliyang'ang'ania madogo yake. Kocha, mtu asiye na maneno, alisema, "Anashona." Ni sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kusikia, na nilisikia ikisemwa juu ya mwanangu.

Jiwe lililomponza lilikuwa la mwisho kabisa. Sikuliona, niliusikia mlio, kavu, wa rimu. Pilipili hakuanguka. Aliruka chini, akainua baiskeli, na gurudumu la nyuma lilikuwa limejipinda kama kola iliyopigwa pasi na mtu mwenye hasira. Spoki tatu zilikuwa zinaning'inia. Aliligusa mara moja, akalitoa, akageuka kutazama juu ya mteremko kumsubiri kaka yake.

Twiga hakuchelewa. Alikuja kwa kasi, magurudumu yake makubwa yakipita juu ya mawe kama alivyosema siku zote, akaona, akaruka kabla baiskeli haijasimama. Mikono ya fundi haingoji kichwa. Aliipindua baiskeli yake, akalitoa gurudumu la nyuma, akapiga magoti kwenye vumbi, akalisukuma kwenye fremu ya mdogo wake.

Halikuingia.

Alilisukuma tena. Tairi lilikuwa limekwama juu, kwenye chuma, na chini bado pamebaki pengo. Kocha aliyaona yale magurudumu makubwa, akavua kofia yake. Twiga akafungua valvu, akatoa upepo wote, tairi likalegea, akalibana kwa viganja viwili na kulisukuma kwa bega. Halikuingia. Alikuwa ameshajua kwamba haliingii. Fundi wa baiskeli anajua kuliko mtu yeyote. Lakini aliendelea kusukuma, na mimi nilisimama na kikombe cha maji nikitamani mtu amshike mikono.

"Kaka," Pilipili alisema. "Basi."

"Ngoja."

"Kaka, basi. Haliingii."

Msichana wa pili akatupita hapo hapo, akiangalia mbele, na wa tatu. Pilipili akainua baiskeli yake begani, gurudumu lililopinda akalishika mkononi, akaanza kukimbia kwa miguu. Kutoka pale hadi mstari wa mwisho kulikuwa na nusu ya mlima. Alifika. Wasichana sita walikuwa wamemtangulia, na kambini alikwenda yule aliyetupita pale kwanza. Namtakia heri, hakutukosea kitu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wanangu hawajaniletea mjukuu hata mmoja, lakini huyo wa methali alihamia kwangu siku ile ile na mizigo yake. Nilidhani watagombana. Niliomba wagombane. Badala yake Twiga alilichukua lile gurudumu lililokufa, akaweka rimu mpya, akalisuka upya spoki kwa spoki mpaka likawa linazunguka bila kutikisika hata unywele, akaliweka kwenye baiskeli ya mdogo wake. Pilipili akasema, "Asante, kaka." Akaipanda kwenda ghalani na kurudi. Mlimani hakwenda tena.

Ubishi ukafa. Mteja akiuliza achukue gurudumu lipi, Twiga anasema, "Chukua linalokuenea." Tarishi alikuja mara mbili, akakaa kwenye benchi, akatazama huku na huku, akaondoka na breki zake. Na Pilipili akatimiza ishirini na tatu. Nilimshonea blauzi. Aliivaa, akanishukuru, akaniambia imemkaa vizuri, na nilijua anaongea na mimi kama mtu anavyoongea na mgeni.

Jioni moja, jua bado liko juu ya mapaa, alirudi kutoka kazini, na badala ya kuingia ndani akaenda kusimama mlangoni mwa kibanda. Twiga alikuwa ameinama kwenye cheni ya mtu. Mimi nilikuwa dirishani na shati la sare. Nikaacha kukanyaga cherehani.

"Kaka."

"Naam."

"Asubuhi ile, kabla hatujaondoka, niliona umerudisha yale makubwa."

Twiga akaendelea na cheni.

"Niliona," Pilipili akasema. "Ulikuwa unapakia baiskeli, nimesimama karibu yako hivi. Palikuwa na muda wa kuyabadilisha. Nikafungua mdomo, halafu nikaona haya. Ningekuombaje, mimi niliyekucheka jana yake mbele za watu? Nikasema moyoni, ah, halitakufa."

Kwa hiyo walikuwa wawili. Wiki zote hizo nilikuwa nikimwonea uchungu mmoja kwa kosa lake na mwingine kwa hasara yake, kumbe kila mmoja alikuwa amelala na vyote viwili.

Twiga akaweka spana chini polepole. "Ilichekesha," akasema. "Nilijiona kwenye kioo cha dirisha la mama, yale magoti. Ilichekesha kweli, mdogo wangu. Ningekuwa wewe ningecheka zaidi."

"Ungeyaacha tu yale madogo, kaka."

"Ningeyaacha."

"Ningekucheka njia nzima, lakini ungeyaacha."

"Ungenicheka njia nzima," Twiga akasema. Alijifuta uso kwa mkono wa grisi, akajipaka weusi hadi sikioni. "Uko mbele, unageuka, unanicheka. Mimi niko nyuma yako na magoti yangu. Kila usiku naiona hivyo."

Pilipili aliingia, akakaa kwenye rundo la matairi makuukuu, bega lake likigusa goti la kaka yake. Niliinamia shati la watu, nikajifanya natafuta uzi, kwa sababu mama hana la kushona mahali kama hapo.