Namba 0417
Sipendi kuonewa huruma, ndiyo maana kazini sikuwa nimemwambia mtu kwamba namba 0417 ni binti yangu.

Nalinda lango la kituo cha taifa cha utafiti wa seli shina. Madaktari huchukua damu ya mgonjwa, wakazirudisha seli zake utotoni, kisha wakazikuza upya ziwe ini, moyo, wapendavyo. Aol wangu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyambogo mwenye moyo mbovu, alitoa damu yake hapa. Miezi minne baadaye tukamzika nyumbani kaskazini. Vichupa huandikwa namba tu, majina ni marufuku. Lakini siku alipotolewa damu nilikuwepo, nikaishika namba yake kichwani.

Adhuhuri moja Nakhisa, fundi wa maabara, Mkenya mcheshi, aliniita nione maajabu. Nikainamia hadubini. Kipande kidogo kama ukoko wa uji kilikuwa kinadunda. Mara mbili, kimya, mara tatu. Mdundo ule niliujua kwa kiganja, maana mimi na mama yangu tulikuwa tukipokezana kumshika Aol kifuani alipoumwa. Nikaisoma namba ya kisahani: 0417.

“Huyu mtoto yangu,” nikamwambia.

Nakhisa hakucheka tena. Alinieleza taratibu kwamba mzazi ana haki ya kusaini fomu ya kutaka seli ziharibiwe, nao wangezimwagia dawa ya kuziua.

Saini hiyo niliihitaji. Katika ukoo wetu, siku ya matanga ya mwisho mzazi huulizwa kaburini kama kuna chochote cha marehemu kilichobaki nje. Akidanganya, kilichobaki humfuata yeye. Na mama yangu, Acayo, alishapanga matanga Jumamosi.

Ijumaa nilishika kalamu, nikaomba kumtazama mara moja tu. Alikuwa anadunda. Nilimpenda mno mtoto yule, sikuweza kumuua kwa mkono wangu. Nikairudisha fomu tupu.

Kesho yake, mbele ya ukoo mzima, mama aliniuliza. Nikajibu hakuna kilichobaki. Watu wakashusha pumzi, naye akanikumbatia. Ni mfupi, sikio lake hunifika kifuani.

Hakuniachia. Nilisubiri, nikaona aibu, watu wanatutazama. Kisha kidole chake kikaanza kugonga mgongoni mwangu, polepole, kikifuata alichokuwa anakisikia. Mara mbili, kimya, mara tatu.

“Okidi,” akanong'ona, “umemwacha wapi?”